Tairi Nene, Upepo Mdogo: Kuchagua Tairi la Baiskeli Ukiwa Mwanza

Ukiingia duka la vipuri vya baiskeli hapa Mwanza ukasema unataka tairi, swali la kwanza, na mara nyingi la mwisho, ni hili: ishirini na sita au ishirini na nane? Ukishajibu, tairi linateremshwa kutoka kwenye msumari ukutani, unalipa, unaondoka. Hakuna anayekuuliza unakaa upande gani wa mji, njia ya kwako ina udongo wa aina gani, wala kwenye karia unabeba nini. Mimi naona maswali hayo matatu ndiyo yenyewe. Ishirini na sita au ishirini na nane ni kipimo cha ringi tu. Kinachoamua kama utafika na nguvu zako au utafika umechakaa ni upana wa tairi, na upana huo hatuuzungumzii kabisa.

Naendesha baiskeli katika mji huu na vijiji vyake tangu nikiwa sekondari, na msimamo wangu nautaja mapema ili anayetaka kubishana ajue pa kuanzia. Wengi wetu tunatumia tairi jembamba kuliko barabara zetu zinavyotaka, halafu tunalijaza upepo mwingi kuliko uzito wetu unavyohitaji. Wapo ambao ushauri huu hauwakai sawasawa, hasa wabeba mizigo na wanaopita mbugani wakati wa mvua, na nao nitawafikia.

Tuanze na ardhi, kwa sababu ndiyo mwenye neno la mwisho. Nenda Kisesa, kule Bujora kwenye makumbusho ya Wasukuma, upande juu ya jiwe uangalie bonde. Hapo ulipokanyaga ni itale tupu. Chini ya mawe kuna changarawe kali, vipande vya itale vilivyomomonyoka na bado vina ncha. Ukishuka kidogo unakuta mchanga ambao Wasukuma wanauita luseni, ndipo mihogo na karanga zinapokubali. Chini yake ni itogolo, udongo unaokauka ukawa mgumu hata jembe likadunda. Mwisho kabisa bondeni ni mbuga, udongo mweusi wa mfinyanzi unaopasuka nyufa kiangazi na kunata masika. Wakulima wa huku walikuwa na majina ya mikanda hii zamani sana. Katika miaka ya 1930 mtaalamu wa udongo Geoffrey Milne, aliyekuwa na kituo chake Amani kule Tanga, aliandika jinsi udongo wa Afrika Mashariki unavyopangika hivi kutoka kilimani hadi bondeni, na wataalamu wa udongo duniani wanautumia mpangilio huo hadi leo.

Mkulima anaweza kukaa kwenye mkanda mmoja maisha yake yote. Mwendesha baiskeli anaivuka yote kabla jasho halijamkauka. Anatoka kwake mlimani kwenye mawe, anapita mchanga, anapita sehemu ngumu, anavuka bonde, anapanda tena, kisha anaibukia kwenye lami. Tairi moja, safari moja, ardhi tano. Ndiyo maana siamini ushauri wa tairi ulioandikwa kwa ajili ya watu wenye lami kuanzia mlangoni kwao hadi ofisini.

Sasa tuje kwenye tairi lenyewe. Tairi linagusa ardhi kwa kipande kidogo sana, na ukubwa wa kipande hicho unaamuliwa zaidi na vitu viwili: uzito ulioko juu yake na upepo ulioko ndani yake. Chukua gurudumu la nyuma lenye kilo 60 juu yake, na upepo wa PSI 43, ambao ni kama kilo 3 kwa kila sentimita moja ya mraba. Gawanya 60 kwa 3, unapata sentimita za mraba 20. Hilo ndilo eneo linalobeba nusu na zaidi ya uzito wako. Punguza upepo ufike nusu, eneo linakuwa 40. Ardhi nayo inasukumwa kwa nguvu ile ile iliyoko ndani ya tairi, au karibu na hiyo. Kwenye lami haijali. Kwenye mchanga wa luseni ndipo inapojali, kwa sababu mchanga una kiwango chake cha kubeba. Ukikizidi, unafunguka na gurudumu linazama.

Msomaji makini atauliza: kama kazi yote inafanywa na upepo, upana unaingia wapi? Si nitoe tu upepo kwenye tairi langu jembamba? Jaribu uone. Tairi jembamba halina kimo cha kutosha. Ukilitoa upepo, jiwe la kwanza linalibana hadi ringi inagonga, na tyubu inakatwa katikati ya ringi na jiwe. Utaitambua pancha hiyo kwa matundu yake mawili yaliyo sambamba, moja kila upande. Tairi nene lina nafasi zaidi kati ya ringi na ardhi, kwa hiyo linaweza kukaa na upepo mdogo bila ringi kugusa chini. Upana ndio ruhusa ya kupunguza upepo. Ukilishika hilo, mengine yote katika makala hii utaweza kuyakisia mwenyewe.

Kuna imani moja inayosimama njiani, nayo ni kwamba tairi gumu ndilo lenye kasi. Imani hii haiko kwetu peke yetu. Waendeshaji wa kulipwa wa Ulaya waliishi nayo kwa miongo mingi, wakitumia matairi ya milimita 23 na chini ya hapo, yamejazwa hadi yanakaribia kulia. Vipimo vya maabara viliwaunga mkono: ukizungusha tairi juu ya pipa la chuma lililo laini, kila unapoongeza upepo ndivyo linavyozunguka kwa wepesi zaidi, kwa sababu raba inajikunja kidogo. Lakini barabara haifanani na pipa lile. Ina kokoto, nyufa na viraka, na juu yake amekaa mtu, mwenye nyama na mifupa. Tairi likishakuwa gumu kuliko barabara inavyoruhusu, halijikunji tena juu ya kokoto; linaruka, na pamoja nalo inaruka baiskeli na mwendeshaji. Nguvu uliyotoa miguuni inaishia kutikisa mabega na kiuno chako, haikupeleki mbele. Walipoanza kupima kwenye barabara halisi, mambo yakageuka. Wakahamia 25, kisha 28, na leo wapo wanaopita hapo hata kwenye mashindano ya lami. Kwenye mbio za mawe za Paris–Roubaix wanavaa milimita 30 na zaidi.

Na tukumbuke tairi la upepo lilizaliwa kwa kazi gani. Mskoti Robert William Thomson alilisajili kwanza mwaka 1845, likasahaulika. Mwaka 1888 John Boyd Dunlop, daktari wa mifugo aliyekuwa akiishi Belfast, akalibuni upya kwa ajili ya baiskeli ya magurudumu matatu ya mwanawe, ambayo magurudumu yake magumu yalimtikisa mtoto. Kutuliza mtikisiko ndiyo kazi ya kwanza ya tairi hili, na kasi ilikuja ndani ya utulivu huo: miaka michache tu baadaye wenye matairi ya upepo walikuwa wakiwaacha wenye raba ngumu kwenye mashindano.

Niingie sasa barabarani kwetu.

Lami ya Mwanza ina mikono mitatu mikubwa. Barabara ya Makongoro inakwenda Kirumba, Pasiansi na uwanja wa ndege. Barabara ya Nyerere inapita Mabatini, Nyakato na Igoma kuelekea Musoma. Barabara ya Kenyatta inakwenda Mkuyuni, Nyegezi, Mkolani na Buhongwa kuelekea Shinyanga. Siku hizi unaweza kutoka Buhongwa, ukapita Usagara, ukavuka ziwa kwa Daraja la Kigongo–Busisi, lenye urefu wa kilomita 3 hivi na lililofunguliwa mwaka 2025, ukafika Sengerema bila kuacha lami. Kwa safari ya namna hiyo mtu wa kilo 70 asiye na mzigo angeweza kutumia milimita 28 na akafurahi. Lakini mimi sitampa 28. Nitampa 32 hadi 38, na sababu ni ukingo wa lami.

Kila anayeendesha baiskeli hapa anaujua ukingo huo. Daladala inakupigia honi nyuma, lori linakuja mbele, nafasi imekwisha, unashuka pembeni. Kati ya lami na udongo wa pembeni kuna ngazi, pengine ya vidole viwili, pengine ya kiganja kizima, na chini yake ni changarawe iliyolegea. Kushuka ni rahisi. Hatari iko kwenye kurudi. Tairi jembamba likiukaribia ukingo kwa pembe ndogo haliupandi, linauparuza na kuteleza sambamba nao, wakati mwili wako umeshaegemea upande wa barabarani. Huko barabarani ndiko magari yaliko. Tairi nene lenye upepo wa wastani linaushika ukingo na kuupanda mapema zaidi, ingawa hata nalo unatakiwa kupunguza mwendo na kulielekeza gurudumu liukate ukingo, lisiufuate. Kwangu hii ni hoja kubwa kuliko hesabu zote za kasi. Nimeona watu wanaanguka hapo.

Kuhusu meno: kwenye lami hayahitajiki. Tairi la baiskeli ni jembamba na la mviringo, mwendo wetu ni mdogo, kwa hiyo maji hayawezi kulinyanyua kama yanavyonyanyua tairi la gari. Tairi laini au lenye michoro midogo linaishika lami, hata yenye maji, vizuri kuliko lenye meno marefu, kwa sababu raba nyingi zaidi inagusa chini. Meno marefu kwenye lami yanavuma, yanajikunja na kuisha haraka. Hata hivyo tairi laini si sawa na tairi kipara. Kipara ni tairi lililokwisha, nyuzi zake ziko karibu kuonekana.

Barabara za mawe ni jambo jingine. Mitaa yetu ya mlimani mingi imetandikwa mawe yaliyochongwa, kwa sababu maji ya mvua yanayoteremka kwenye vilima hivi yangeula udongo mtupu kwa msimu mmoja. Nazipenda barabara hizi, na ni mawe yetu wenyewe. Lakini kila jiwe ni pigo. Kupanda si tatizo, unapanda polepole. Kuteremka, huku breki zimebanwa na mawe yameloa, tairi gumu linadunda kutoka jiwe hadi jiwe, na wakati linapodunda breki haina cha kushika. Hapo ndipo utakapoona faida ya milimita 40 hadi 50 na upepo mdogo: gurudumu linabaki chini. Anayeishi mlimani asipimie tairi lake kwenye lami ya mjini, alipimie kwenye mteremko wa nyumbani kwake siku ya mvua.

Moramu iliyoshindiliwa vizuri ni barabara tamu kuliko hata lami, ikiwa haijapata vijimawimbi vile vinavyotengenezwa na magari. Gari linavipita kwa kukimbia. Baiskeli inalazimika kuvihesabu kimoja kimoja. Milimita 40 hadi 45 zinatosha.

Mchanga ndio mtihani wenyewe. Ukipita uwanja wa ndege ukaelekea Igombe na Kayenze, au ukavuka kwenda Ukerewe, unakutana na vipande ambavyo baiskeli nyembamba inageuka kuwa mzigo wa kusukumwa. Ukerewe ni kisiwa cha baiskeli hasa, watu wanazitumia kwa kila kitu, na ukiangalia vizuri njia zao utaona mstari mmoja mwembamba ulioshindiliwa pembeni ya njia ya magari. Mwenyeji anaufuata mstari huo kwa ustadi, kwa hiyo anaweza kuishi na tairi la milimita 40. Mgeni asiyeujua mstari anahitaji 50 au zaidi. Kwa mtu wa kilo 70 mwenye tairi la milimita 54, mimi huweka PSI 25 hadi 30 kwa safari ya kawaida, na nikifika kwenye mchanga mrefu naishusha hadi 20. Tofauti yake unaisikia mara moja kwenye mapaja. Usukani ushike kwa wepesi, gia iwe nyepesi kabla hujaingia, na usivunje mwendo katikati. Ukisimama humo, kuanza tena ni kazi.

Mbuga, nimesema, ni tofauti. Wakati wa kiangazi haina shida yoyote isipokuwa nyufa na nyayo za ng'ombe zilizokauka, na hapo tairi nene linakutosha. Mvua ikinyesha, tairi nene linageuka adui. Udongo mweusi unanata kwenye raba, unazunguka nayo, unajaa kati ya tairi na foki, kati ya tairi na madigadi, hadi gurudumu linakataa kuzunguka kabisa. Tairi jembamba lina angalau nafasi pembeni yake ya kupitisha tope, na pengine linakata hadi kwenye udongo mgumu ulioko chini. Wenye mashindano ya matopeni yaitwayo saiklokrosi wanabanwa na chama cha baiskeli duniani, UCI, wasizidi milimita 33, na matope wanayapita kwa tairi hizo hizo. Lakini matope yao si mbuga yetu. Mbuga iliyoloa vizuri haina tairi. Ukiijua njia yako ina kipande cha namna hiyo, ng'oa madigadi masika yanapoanza, beba kijiti cha kukwangulia, na uwe tayari kuibeba baiskeli begani. Au zunguka. Kuzunguka kilomita tano kwenye luseni iliyoloa, ambayo mvua huigandisha ikawa nzuri, ni haraka kuliko kupigana na mita mia tatu za mbuga.

Kuna fundi mmoja mzee upande wa Igoma ambaye mabishano yetu yamenifundisha mengi. Nilimpitia siku moja kuongezewa upepo.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Mbona tairi lako limelala hivi? Unaliua."

"Nimeliacha makusudi mzee, linatuliza mawe."

Akabonyeza kwa dole gumba, akatikisa kichwa. "Tairi likigongwa lilie kama ngoma, ndipo liko sawa."

Nikamwomba aizungushe baiskeli yangu kwenye mawe ya nyuma ya kibanda chake, kisha aizungushe ya mteja iliyokuwa imejazwa. Akaenda, akarudi, akakaa kimya akifuta mikono. Halafu akasema maneno ambayo sijayasahau: "Kwako wewe ni sawa. Lakini wewe hubebi maziwa."

Ana haki kabisa. Wateja wake ni watu wanaoingia mjini alfajiri na madumu ya maziwa, matenga ya samaki, magunia ya mkaa. Madumu matatu ya lita 20 ni zaidi ya kilo 60, na karibu yote yanakaa juu ya gurudumu la nyuma. Ongeza sehemu ya mwendeshaji, gurudumu lile limebeba zaidi ya kilo 100. Rudi kwenye hesabu yetu: kwa kilo 3 kwa sentimita ya mraba, tairi lingehitaji eneo la zaidi ya sentimita za mraba 33 kuubeba uzito huo, na tairi la milimita 40 haliwezi kulalia eneo hilo bila mashavu yake kukunjika hadi nyuzi zianze kukatika. Kwa huyo, upepo wa juu kabisa ulioandikwa shavuni mwa tairi ndio sahihi, na mikono yake ya ustadi ndiyo inayofanya kazi ya kutuliza mawe. Ukitazama anavyoteremka na mzigo utaona: anasimama kwenye pedeli, anaiachia baiskeli ichezeke chini yake.

Pendekezo langu kwa mbeba mzigo ni kwamba asilinganishe upepo wa mbele na wa nyuma. Gurudumu la mbele halibebi maziwa. Analijaza sawa na la nyuma kwa mazoea tu, na matokeo yake mikono inakufa ganzi na usukani unarukaruka kwenye changarawe. Mbele apunguze kwa theluthi moja hivi. Hili nilimwambia fundi, naye amelikubali, na sasa analifanya kwa wateja wake wanaoliomba.

Nizungumzie sasa namba, kwa sababu hapa ndipo pesa za watu zinapotea. Shavuni mwa tairi kuna maandishi mengi, lakini ya kuaminika ni yale ya namba mbili zenye mstari katikati, mfano 40-635. Hiki ni kipimo cha kimataifa, ISO 5775. Namba ya kwanza ni upana kwa milimita. Ya pili ni kipenyo cha sehemu ya ringi ambapo tairi linakaa, nacho kwa milimita. Namba ya pili isipolingana na ringi yako, tairi halitakaa, hata muuzaji aape.

Baiskeli kubwa nyeusi za kizamani, zile za Phoenix na nduguze, nyingi zinatumia 28 x 1½, yaani 40-635. Lakini baiskeli za mtumba kutoka Ulaya zenye maandishi ya 28 mara nyingi ni 622. Zote zinaitwa ishirini na nane, na zimepishana milimita 13. La moja halikai kwenye ringi ya nyingine. Ishirini na sita ni mbaya zaidi. Baiskeli za gia zenye tairi nene, zilizoandikwa 26 x 1.95 au 26 x 2.10, ni 559. Baiskeli za mtumba za Kijapani zenye kikapu mbele, zilizoandikwa 26 x 1⅜, ni 590. Kanuni ninayoitumia ni kwamba ikiwa moja imeandikwa kwa nukta na nyingine kwa sehemu, nisidhani zinaingiliana mpaka nione namba ya kimataifa. Kwa upande wa bahati njema, baiskeli za kisasa zinazoitwa 29 nazo ni 622, sawa na zile za mtumba za Ulaya, kwa hiyo mwenye ringi ya 622 ana uwanja mpana wa kuchagua, kuanzia milimita 23 hadi zaidi ya 50, mradi fremu iruhusu.

Fremu iruhusu: pima kabla ya kununua. Angalia nafasi kati ya tairi ulilonalo na foki, kushoto, kulia na juu, kisha nyuma karibu na pedeli, ambako ndiko kunakobana zaidi. Baada ya kuvaa tairi jipya nataka zibaki angalau milimita 6 kila upande. Tope na ringi iliyopinda kidogo vinahitaji nafasi hiyo.

Upepo utaupimaje bila kipimo? Frank Berto, Mmarekani aliyechunguza matairi ya baiskeli kwa miaka mingi, alitumia kigezo cha asilimia 15: ukikaa juu ya baiskeli, tairi lipungue kimo kwa kiasi hicho. Kwa tairi la milimita 40 hiyo ni milimita 6. Egemea ukuta, kaa kama unavyokaa ukiendesha, mtu apime kutoka ringi hadi chini kabla na baada. Haihitaji kifaa zaidi ya rula. Kama valvu yako ni ya aina ya gari, unaweza kutumia kipimo cha watu wa pikipiki, ila kompresa yao iwekewe mkono mwepesi sana. Tyubu ya baiskeli ina nafasi ndogo na inajaa kufumba na kufumbua.

Miiba haina uhusiano mkubwa na upana. Mbigili na miiba ya migunga inaingia popote. Kinachosaidia ni unene wa raba, kulipapasa tairi kwa kidole kila jioni kabla mwiba haujafika ndani, na ule mtindo wa mafundi wetu wa kukata tyubu ya zamani na kuitandika kati ya tairi na tyubu mpya. Unaongeza uzito na unapunguza wepesi kidogo. Kwa njia za huku nauona una thamani.

Kama ukinibana nichague moja tu kwa ajili ya mtu wa Mwanza asiyebeba mzigo mzito, anayelala mlimani, anayefanya kazi mjini na kwenda kijijini mwisho wa wiki, nitampa milimita 42 hadi 47, laini katikati na vimeno vifupi pembeni, PSI 35 nyuma na 30 mbele. Kama ana pesa ya tairi moja nene tu na foki yake inaruhusu, alifunge mbele, lile la zamani libaki nyuma. Gurudumu la nyuma likiteleza, mara nyingi unalidaka. La mbele likiteleza, hudaki kitu. Nyuma ndiko tairi linakoisha haraka, kwa hiyo siku la nyuma likifika kwenye nyuzi, asinunue la nyuma: la mbele lirudishwe nyuma kama nafasi ipo, na jipya lifungwe mbele.